Nani Anavaa Namba Kumi? Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Raga, Lubumbashi

Wandugu wanachama, wazazi, makocha, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni kwa sababu viti vimeisha:

Asanteni kwa kuja. Mvua ya jana imeharibu njia ya Ruashi na najua wengine mmetembea kwenye matope. Komite iliniomba taarifa ya kurasa mbili. Nimeshindwa. Mwaka huu kuna jambo moja ambalo nisipolieleza lote, mambo mengine ya chama hayataeleweka.

Lilianza mwezi wa tatu, kwa swali la mama mmoja anayeuza ndakala, wale samaki wadogo wakavu, kwenye soko la Kenya, komine ya hapa mjini kwetu. Mwanawe ana miaka 16, anacheza pembeni katika timu yetu ya vijana, namba 14. Mama huyo hajui sheria za raga wala hajifanyi kuzijua. Lakini Jumamosi nne mfululizo alikaa ukingoni mwa kiwanja, beseni tupu miguuni, akiangalia. Jumamosi ya tano alinifuata, akaniamkia, akasema: "Mwenyekiti, huyu mtoto wangu munamufundisha kukimbia tu. Kukimbia alikuwa anajua. Kufikiri mutamufundisha lini?"

Nilimjibu ovyo. Nilimwambia mwanawe ana mbio kuliko wote, ashukuru. Alinitazama, akachukua beseni lake, akaenda. Usiku ule usingizi haukuja, na asubuhi nikamwomba katibu aniletee daftari la timu.

Wengi wenu hamjaliona daftari hilo. Lina jalada la buluu, pembe moja imeliwa na panya. Katibu wetu ameandika humo kila mechi: jina la mchezaji, namba ya jezi, shule na komine anayotoka. Nilikaa mezani na kalamu nyekundu, nikapitia mechi zote 11 za msimu uliopita. Namba 10 ndiye anayepokea pasi ya kwanza mpira ukitoka kwenye skramu, pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanaposukumana, na kuamua: apige teke, apitishe, au akimbie nao. Namba hiyo ilivaliwa na vijana watatu tu, wote kutoka shule mbili za kulipia za katikati ya mji. Wawili kati yao ni watoto wa wageni waliokuja kwa kazi za migodi, mmoja mzungu, mmoja Mhindi. Namba 11 na 14, mawinga, mechi 11: Katuba, Kenya, Ruashi. Haikwenda kinyume hata mara moja. Nahodha? Mechi 9 kati ya 11 alitoka katika shule zile zile mbili.

Hakuna mtu aliyekaa akapanga hivyo, na hapo ndipo paliponiuma. Makocha wetu wote ni weusi. Mimi ni mtoto wa Katuba. Tunayo picha ya timu ukutani, ile iliyopigwa kwenye sherehe ya mwaka jana: weusi, wazungu, Wahindi, Walebanoni na Mgiriki mmoja, bega kwa bega, wanacheka. Kila mgeni akifika tunamwonyesha. Picha ile haidanganyi, wale watoto kweli wanapendana. Lakini daftari lilikuwa na habari ambayo picha haikuwa nayo.

Mji huu wenyewe ulijengwa hivyo. Élisabethville ya Wabelgiji ilikuwa na upande wa wazungu na upande wa weusi, Kamalondo ikiwa ya kwanza kwa wenyeji, na katikati kukaachwa ukanda mtupu ambao baada ya giza mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kuuvuka bila karatasi. Ng'ambo ya mpaka, kwenye miji ya shaba ya Zambia, vilabu vya raga vya migodi enzi za ukoloni vilikuwa vya wazungu. Mweusi aliingia kukata majani na kufua jezi. Mwezi wa nane tulipitia Luanshya, tukawaonyesha vijana milingoti ya raga ya klabu ya Roan Antelope, ambayo iliwahi kuandikwa kuwa mirefu kuliko yote duniani, zaidi ya mita 33. Kijana mmoja aliinua kichwa mpaka kofia ikaanguka, akaniuliza nani aliyeipandisha huko juu. Sikuwa na jina la kumpa. Kwa desturi ya migodi ya wakati ule, waliobeba vyuma walikuwa wengine na waliocheza chini yake walikuwa wengine.

Baada ya lile daftari nilianza kuitazama raga ya kulipwa kwa jicho jingine. Niruhusuni niende mbali kidogo, nitarudi.

Wa umri wangu tuliipenda raga kwa sababu ya siku moja: tarehe 24 mwezi wa sita 1995, fainali ya Kombe la Dunia, uwanja wa Ellis Park, Johannesburg. Afrika Kusini 15, New Zealand 12, teke la Joel Stransky katika muda wa nyongeza, na Mzee Mandela amevaa jezi namba 6 ya nahodha François Pienaar. Tulilia, na sioni aibu kusema. Katika kikosi kile alikuwamo mchezaji mmoja tu asiye mzungu, Chester Williams. Sura yake ilibandikwa kwenye mabango ya mashindano yale nchi nzima. Watu wanasahau kwamba hakuanza nao, alikuwa ameumia, akarudishwa kikosini baada ya winga Pieter Hendriks kufungiwa kwa ugomvi wa mechi na Canada. Aliporudi alifunga trai nne, yaani kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, katika robo fainali dhidi ya Samoa Magharibi. Mwaka 2002 alisimulia alivyokuwa mpweke miaka ile, na jinsi wenzake wengine walivyomtukana kwa rangi yake. Alifariki Septemba 2019, wiki mbili kabla ya Kombe la Dunia ambalo nahodha Siya Kolisi alilinyanyua. Alikuwa na miaka 49. Namba yake ilikuwa 11. Winga.

Kabla yake alikuwapo Errol Tobias, na huyu ndiye ninayetaka vijana wamjue. Ni mchezaji mweusi wa kwanza wa Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, mwaka 1981, ubaguzi ukiwa bado ni sheria ya nchi. Alilaumiwa kutoka pande mbili. Wazungu wengine walisema amewekwa kwa maonyesho, na wapigania uhuru wengi waliona anaipaka serikali ya kibaguzi manukato. Alicheza mechi sita za kimataifa, Springboks wakashinda zote sita. Na mwaka 1984 dhidi ya England, Tobias alivaa namba 10. Aliongoza mchezo wa timu ambayo nchi yake haikumruhusu kupiga kura sawa na wenzake waliokuwa wanapokea pasi zake.

Kwa hiyo uwezo ulikuwapo tangu zamani. Rudi nyuma zaidi, Uingereza, mwaka 1906. James Peters, mzaliwa wa Salford, baba yake Mjamaika, akawa mtu mweusi wa kwanza kuichezea England. Nafasi yake? Ile ile ya kuamua. Mwishoni mwa mwaka huo Afrika Kusini walikwenda ziara huko. Peters alipocheza dhidi yao na timu ya Devon, wageni walisita kuingia kiwanjani kwa sababu yake. England ilipocheza nao, jina lake halikuwamo. Alirudishwa kwa mechi chache, ya mwisho 1908, kisha mlango ukafungwa miaka 80. Mweusi wa pili kuichezea England katika raga hii yetu ya watu 15 alikuwa Chris Oti, mwaka 1988. Winga. Yaani miaka 80 ilipita ili mtu mweusi arudi, na aliporudi aliwekwa pembeni, pale mpira unapofika baada ya wengine kuamua.

Sisemi winga ni kazi ndogo. Bryan Habana alifunga trai 8 katika Kombe la Dunia la 2007, na fainali ya 2019 huko Yokohama trai zote mbili za Springboks zilifungwa na mawinga, Makazole Mapimpi na Cheslin Kolbe. Mtoto wetu Madosh Tambwe, aliyezaliwa Kinshasa, akakulia Afrika Kusini, akachezea Bulls ya Pretoria kisha akaenda Bordeaux, ni winga, na vijana wetu wanapomtaja macho yanang'aa, hata mimi yangu. Ninachouliza ni kwa nini, katika nchi mbalimbali na miaka mbalimbali, mtoto mweusi mwenye akili na mbio anasifiwa mbio tu. Ufaransa Émile Ntamack, ambaye baba yake ni Mkameruni, alikuwa winga mkubwa. Mwanawe Romain ni namba 10 wa Toulouse na wa timu ya taifa. Kizazi kizima kilipita kati ya pembeni na katikati, na Romain alikulia nyumba ambamo raga ilikuwa inazungumzwa mezani. Watoto wa Ruashi watazungumziwa raga na nani?

Nirudi nyumbani sasa.

Mwezi wa nne komite ilipitisha, baada ya kikao kirefu na kigumu, kwamba kwa miezi miwili kila kijana chini ya miaka 18 afundishwe nafasi za kuamua: 9, 10, 12 na 15. Wote, bila kuangalia mbio wala shule. Hapo tukagundua kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Makocha walikuwa wanafundisha nafasi hizo kwa Kifaransa tu. Kijana wa shule ya kulipia anasikia neno, mwili unaanza kwenda. Kijana wa Katuba anasikia, anatafsiri kichwani, anaona aibu kuuliza, anatikisa kichwa kama ameelewa, mpira unampita. Kocha anaandika: "Mzito wa kuamua." Anapelekwa pembeni.

Siya Kolisi alitoka Zwide, mtaa wa maskini wa Port Elizabeth, akilelewa na bibi yake. Alipata ufadhili wa kuingia shule ya Grey akiwa na miaka 12, na alifika anajua Kixhosa, Kiingereza hajui. Majaribio yake ya kwanza ya timu ya jimbo alicheza na chupi ya boksa kwa sababu kaptula ya raga hakuwa nayo. Fainali ya 2007 aliitazama kwenye baa ya mtaani maana nyumbani hapakuwa na televisheni. Miaka 11 baadaye, 2018, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Springboks katika mechi za kimataifa, na akanyanyua kombe 2019 na tena 2023. Kama siku ile ya kwanza Grey mtu angeandika "mzito wa kuamua" kwa sababu mtoto hajajua lugha, hadithi ingeishia hapo. Nimewaza sana wangapi tumewaandika hivyo sisi.

Tulifanya nini? Tuliwaambia vijana wenyewe watunge maneno. Walikaa chini ya mwembe siku mbili, wakarudi na ramani ya mji. Kupiga teke refu hadi mwisho wa kiwanja wanaita "Kasumbalesa", kwa kuwa ndiko mpakani. Kuingia katikati penye watu wengi wanaita "Kenya", na aliyewahi kupita soko lile Jumamosi anajua kwa nini. Kufungua mpira haraka hadi pembeni penye nafasi wanaita "Golf", mtaa wa nyumba kubwa na bustani. Ulinzi ukisogea pamoja wanapiga kelele "Funga mlango!" Kocha wetu mkuu alipinga wiki ya kwanza, akasema huo si utaratibu. Wiki ya tatu nilimsikia yeye mwenyewe anapaza sauti "Golf! Golf!" mpaka kikohozi kikamshika. Na wale watoto wa wageni? Walijifunza maneno hayo kwa siku moja. Kiswahili cha mtaani kwao hakikuwa kigumu, hakuna aliyewahi kuwaomba wakitumie kiwanjani.

Mechi ya kwanza tulimpa namba 10 yule kijana wa soko la Kenya. Tulifungwa 41 kwa 5. Mateke yake matatu yalitoka nje moja kwa moja, na baada ya la tatu alisimama ameshika kiuno, anatazama majani. Wazazi wawili wanaotoa michango mikubwa walinijia wakisema tunaharibu timu kwa ajili ya siasa. Nawaheshimu wazazi hao, wapo hapa, nao wameendelea kuchangia. Lakini mambo yaliyofuata hawakuyaona, kwa hiyo nayasema. Kijana wa kizungu aliyekuwa anavaa namba 10 kabla yake alianza kuja kiwanjani saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya shule, kumfundisha mwenzake kupiga teke. Hakutumwa na mtu. Mlinzi ndiye aliyenieleza. Nilikwenda siku moja nikajificha nyuma ya ukuta kama mwizi. Yule mzungu amepiga goti kwenye umande, anashika kifundo cha mguu cha mwenzake, anakigeuza kidogo, anasema kwa Kiswahili cha hapa: "Hapana na vidole. Na mufupa huu." Mpira ukapigwa, ukapita kati ya milingoti, wote wawili hawakushangilia, wakaenda kuuchukua.

Mwezi wa nane, kwenye safari ya Zambia, mechi ya pili, tulikuwa nyuma kwa pointi mbili dakika za mwisho, tukapata penalti mbali kidogo. Kila mtu alitegemea apige kwenye milingoti. Yeye alitazama upepo, akatazama mafowadi wetu waliochoka, akasema neno moja, "Kasumbalesa", akaupeleka mpira kona. Mpira uliporushwa kutoka ukingoni tuliupoteza, na mechi ikaisha. Tulifungwa. Kocha alimwuliza baadaye kwa nini. Alijibu kwamba mguu wake ulikuwa umeanza kukaza na kutoka pale asingefikisha. Alikuwa ameujua mwili wake, uwanja na saa, akachagua. Mama yake apewe jibu hilo.

Safari hiyo ina doa na lazima niliseme, maana kosa ni letu, komite. Vijana wawili wa Ruashi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo hawakuwa na hati ya kuvukia mpaka. Tulijua wiki mbili kabla. Tulisema tutaona. Asubuhi ya safari tuliwashusha kwenye basi, wamevaa jezi, mabegi mgongoni. Nilikuwa mimi niliyewaambia. New Zealand walipokwenda Afrika Kusini mwaka 1928, 1949 na 1960, waliwaacha wachezaji wa Kimaori nyumbani ili wenyeji wasichukie. Mwaka 1960 watu wapatao laki moja na nusu walitia sahihi kupinga, wakisema kama Wamaori hawaendi, safari isiwepo, na timu ikaenda vilevile. Mwaka 1967 hatimaye ziara ikafutwa kwa sababu hiyo hiyo. Najua karatasi si rangi. Lakini mtoto aliyebaki barabarani na begi lake anaona basi likiondoka, na anajua wanaobaki siku zote ni wa upande gani wa mji. Vyeti vya wale wawili vimepatikana mwezi wa kumi. Tumebakiwa na watoto 7 wasio na vyeti, na safari ijayo haitapangwa kabla ya vyao kupatikana.

Jambo la nidhamu. Mwezi wa sita, chumba cha kubadilishia nguo, mchezaji mmoja ambaye familia yake inatoka Kasai aliambiwa na mwenzake: "Rudi kwenu." Walioshuhudia walisema ni utani. Alisimamishwa mwezi mmoja, na wengine mliona adhabu imezidi. Mimi nilikuwa mtoto mwaka 1993. Niliona Likasi, kwenye stesheni, familia za Wakasai zimelala juu ya mizigo zikingoja gari-moshi la kuwaondoa Katanga, wazee na watoto wachanga, wiki baada ya wiki. Maneno yalikuwa yale yale: rudini kwenu. Wazee wetu wanajua utani una wenyewe, una jamaa zake, na kila upande una zamu ya kutania na kucheka. Ukiona anayecheka ni mmoja tu kila siku, huo si utani. England wamelijifunza hilo kwa aibu: mwaka 2022 Luther Burrell, aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa, alieleza matusi ya rangi aliyofanyiwa kwa miaka vyumbani kwa jina la mizaha, na mwaka uliofuata uchunguzi wa chama chao cha raga ukaona maneno yake ni ya kuaminika. Kijana wetu aliyetamka neno lile ameomba radhi mbele ya timu, na wanacheza skramu pamoja. Hata hivyo, sheria iwe moja kwa wote. Anayemwita mwenzake muzungu kwa dharau atasimama mbele ya komite ile ile.

Hesabu, kwa kifupi, mhasibu atazisoma zote. Wanachama waliolipa ni 86. Mapato yalikuwa dola 4,150, matumizi dola 3,980. Fungu kubwa lilikwenda kwa basi la Zambia, la pili kwa bukari, yaani ugali, na maharage baada ya mazoezi ya Jumatano na Jumamosi. Msilipunguze hilo la chakula, nawaomba. Mtu anayetembea kutoka Ruashi na tumbo tupu hachezi raga, anavumilia tu. Majeraha: bega moja, na kijana mmoja aliyegongwa kichwa akapumzishwa wiki tatu ingawa yeye mwenyewe alikasirika. Wasichana wamefika 19. Walikusanyika nyumbani kwa katibu kutazama wanawake wa Afrika Kusini wakiingia robo fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka huu, na Jumatatu yake wakaja wanne wapya. Wanahitaji jezi zao wenyewe, wamechoka kuvaa za kaka zao.

Sasa pendekezo ambalo mtalipigia kura leo. Komite inaomba iandikwe katika kanuni kwamba, katika kila mechi tatu za timu ya vijana, namba 9, namba 10 na unahodha vishikwe angalau mara moja na kijana kutoka komine ambazo hazikuwahi kuvishika. Najua neno "idadi" linawakera baadhi yenu. Mmesema: raga ni ya anayeweza, na mtoto akipewa nafasi kwa hesabu atadharauliwa. Hoja hii nzito nimeibeba mwaka mzima. Afrika Kusini waliibeba muda mrefu kuliko sisi. Mwaka 2015 walijiwekea lengo kwamba ifikapo 2019 nusu ya wachezaji wa Springboks wawe wasio wazungu. Mwaka 2016 waziri wao wa michezo alikinyima chama cha raga ruhusa ya kuomba mashindano makubwa kwa kuchelewesha mabadiliko. Fainali ya 2019 walianza weusi sita: Kolisi, Mtawarira, Mbonambi, Am, Mapimpi, Kolbe. Lengo la nusu halikufikiwa siku ile, na hakuna aliyethubutu kusema hata mmoja wao alikuwa wa kujaza hesabu, maana walishinda England 32 kwa 12. Lakini tazameni 9 na 10 siku hiyo: wote wazungu. Hesabu ya vichwa peke yake haifiki katikati ya uwanja. Ndiyo maana sisi hatuombi idadi ya watoto weusi, tunao tele. Tunaomba nafasi ya kuamua izunguke, wakiwa bado wadogo, wakati kukosea hakumgharimu mtu mshahara.

Tarehe 27 Septemba tulitazama mechi ya Durban na vijana, jenereta ikiwa ya kukodi. Sacha Feinberg-Mngomezulu, mwenye miaka 23, namba 10 mgongoni, alifunga peke yake pointi 37 dhidi ya Argentina, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa Springboks katika mechi moja ya kimataifa. Sebule ilikuwa na watu kama 40. Yule kijana wa soko la Kenya hakushangilia na wenzake. Alikaa mbele kabisa, karibu na kioo, na kila mpira ulipotoka kwenye skramu, kabla Feinberg-Mngomezulu hajaupokea, alikuwa ananong'ona: Golf. Kenya. Golf. Kasumbalesa. Nilihesabu. Mara nyingi alipata.

Mwisho ni uchaguzi. Nafasi moja ya komite iko wazi, ya mwakilishi wa wazazi. Imekuwa ikishikwa na wazazi wa katikati ya mji tangu chama kianze, kwa kuwa vikao vilikuwa saa tisa mchana, saa ya kazi sokoni. Kuanzia mwezi wa kwanza vikao vitakuwa Jumapili baada ya misa. Wagombea ni wanne. Mama wa ndakala amekubali jina lake liandikwe, ni la nne kwenye orodha, na ameniambia akichaguliwa swali lake la kwanza litakuwa kuhusu mwenyekiti. Vikaratasi viko kwa katibu, kwenye meza ya kushoto, kando ya daftari la buluu. Aliye na kalamu amwazime mwenzake.